Mtu wa Ndani ya Tangi

Uvumi uliingia soko la Kibuye pamoja na magunia ya omena. Ulikuja na mama mmoja wa Katito ambaye kila wiki habari zake zilikuwa mbichi kuliko samaki wake. Siku hiyo habari ilikuwa hii: vijana wetu waliosomea mambo ya maji vyuoni wanaitwa ng'ambo kwa jina la utafiti, na wakifika wanatumbukizwa ndani ya tangi refu la vioo. Maji yanafunguliwa. Wenyeji wa huko wanasimama kando na kalamu, waone maji yanambeba mtu namna gani.

"Akiwa hai?" Apiyo aliuliza. Gorogoro, lile kopo la kupimia mchele, ilibaki hewani, na mteja akabaki ameshika mfuko wazi.

"Hai kabisa. Sasa maiti watampimia nini?"

Rehma, aliyeuza viungo meza ya pili, alicheka mpaka bizari ikamwagikia mapajani. "Na huko kwao hakuna mbuzi wa kutupa majini? Lazima wapande ndege waje kutafuta mtu Kisumu?"

"Cheka tu, Rehma. Wewe watoto wako wamesomea nini?"

"Mmoja anashona, mwingine anakaanga sambusa. Sijasikia tangi linalotafuta mtu wa sambusa."

Watu wote walicheka, isipokuwa Apiyo. Alimpimia mteja mchele wake, akampimia tena bila kujua, na mteja akafunga mfuko na kwenda zake haraka.

Caren, binti yake wa kwanza, alikuwa amesomea hayo hayo. Alimaliza digrii ya pili Maseno, katika elimu ya namna maji na hewa vinavyokwenda, vinavyosukuma na vinavyozuiwa. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu, na Apiyo alishaacha kulijaribu. Akiulizwa kanisani alisema tu, "Mtoto wangu anasomea nguvu ya maji," na watu walitikisa kichwa kwa heshima.

Sasa Caren alikuwa amepata nafasi ya utafiti ya mwaka mmoja huko Uholanzi. Nafasi hizo zilitengwa kwa wanasayansi vijana, wale ambao wamemaliza masomo juzi na hawajapata jina. Walioomba walikuwa wengi kutoka kila pembe ya dunia. Kilichobaki ni kwamba Ijumaa aongee kwa video na profesa wa huko na kusema ndiyo. Asiposema siku hiyo, nafasi ingekwenda kwa mtu wa pili.

Apiyo alikuwa ameshapiga vigelegele vya habari hiyo. Majirani wa mtaa wake wa Manyatta walivisikia, na wengine walidhani kuna harusi. Lakini baada ya maneno ya mama wa omena, aliacha kabisa kuitaja habari hiyo.

Labda uvumi ungekufa wenyewe, maana uvumi mwingi hufa ukikosa mtu wa kuulisha. Huu ulilishwa na simu. Jumatano kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa mtu alituma video. Apiyo aliifungua akiwa mezani kwake. Aliona tangi refu la vioo. Ndani yake alisimama mtu mwenye koti la rangi ya chungwa. Maji ya rangi ya udongo yalikuja kutoka upande mmoja, yakampiga magotini, yakampiga kiunoni, mtu akayumba, akaanguka kifudifudi na kuviringishwa kama gunia. Ukutani nyuma yake kulikuwa na alama ya wimbi la buluu. Alama ile ile, ya maabara iliyomwita, ilikuwa kwenye simu ya Caren; aliiweka hapo kwa furaha siku alipopata nafasi.

Hapo video ikasimama. Bando ilikuwa imeisha.

"Woi," Apiyo alisema, akaanza kufunika mchele kabla soko halijafungwa.

Mama mwenye hofu hamuulizi mtoto swali lenyewe. Huuliza pembeni pembeni. Jioni, Caren akichambua sukuma wiki, Apiyo alianza.

"Huko unakoenda kuna maji?"

"Mama, ni maabara ya maji. Maji ndiyo kazi yenyewe."

"Na kuna tangi?"

"Liko kubwa! La vioo, unaona kila kitu kinachotokea ndani. Nimeliota hilo tangi tangu mwaka wa pili."

"Na nyinyi... mnaingia?"

"Mara moja moja lazima mtu aingie," Caren alisema, akitupa jani lenye wadudu. "Kurekebisha vipimo."

Apiyo alishika ukuta. Mtoto alijua ataingizwa na bado alikuwa anatabasamu! Alishasikia watu hulishwa maneno mpaka wanakwenda wenyewe kwa miguu yao.

Ijumaa asubuhi, Caren akiwa bafuni, Apiyo alichukua simu ya binti yake na kuitia kwenye mkoba. Kisha akampigia Ooko, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, na Ajwang, dada ya marehemu. Ooko alikuwa msemaji wa ukoo. Alikuwa na koti zito la sufu ambalo alilivaa hata Januari, bora tu pawe na jambo la kujadiliwa.

"Nani amemuunganisha mtoto na hao watu?" Ooko aliuliza.

"Mwalimu wake wa Maseno, Daktari Masinde. Yeye ndiye aliandika jina lake kwa hao watu."

"Basi tunaenda kwake," Ooko alisema, na sauti yake ilikuwa imeshavaa koti.

Jirani mwenye gari aina ya Probox aliwapeleka hadi nyumbani kwake Maseno. Walipofika, Daktari Masinde alikuwa nyuma ya nyumba. Huko alikuwa amejenga mfereji wa saruji ambamo wanafunzi wake walipitisha maji na kuyapima. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Milka, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mkarimu na mwepesi wa moyo. Kijana wao Cliff, aliyekuwa amemaliza chuo mwaka huo, alikuwa bado chumbani.

Hapa lazima ieleweke jambo moja. Kwetu huku, upande wa mvulana ndio unaokwenda kwa kina msichana. Ukiona watu wazima wa upande wa msichana wametokea bila kualikwa kwenye nyumba yenye mvulana, wamevaa vizuri na hawacheki, basi msichana wao amepotea na wao wanajua amepotelea wapi. Apiyo na wenzake hawakulifikiria hilo hata kidogo. Milka alilifikiria kabla hawajaketi.

Aliona koti la Ooko. Aliona Ajwang amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Aliona macho mekundu ya Apiyo. Alileta chai na mkate.

"Chai hatuwezi kuigusa," Ooko alisema, "mpaka neno letu lipate jibu."

Milka akaweka chupa ya chai chini polepole. "Neno gani, Mzee?"

"Sisi tuna msichana wetu. Amesoma, ana adabu, hajawahi kutupa shida. Tumesikia anachukuliwa, na njia anayochukuliwa nayo ni nyumba hii."

"Nyumba hii," Milka alirudia. Akageukia korido. "CLIFF!"

Cliff alitoka na mswaki mdomoni, fulana imegeuzwa nje ndani.

"Msichana wa watu yuko wapi?"

"Msichana gani?"

"Usiniulize msichana gani mbele ya wazee!"

Cliff alilitazama koti la Ooko, akameza povu la dawa ya meno. "Mama, haki ya Mungu, mimi na Ikhlas tunaongea tu kwa simu. Hata mkono sijamshika. Na hawa hawafanani na kina Ikhlas!"

"Ikhlas ni nani?" Milka akauliza.

"Eeh, Ikhlas ni nani?" Ajwang aliuliza pia, akisogea mbele ya kiti, amesahau kabisa kilichomleta. "Ni wa wapi huyo? Wazazi wake unawajua?"

"Sisi tumekuja kwa ajili ya Caren," Ooko alisema kwa sauti nzito.

"Kuna Caren tena?" Milka alikaa kwenye kiti kwa kishindo. "Wawili! Yawa, Cliff, wawili!"

"Simjui Caren! Huyo ni mwanafunzi wa Baba!"

Neno hilo lilikuwa baya kuliko yote. Milka aligeuza kichwa taratibu kuelekea mlango wa nyuma, ambako mumewe alikuwa anapiga mluzi na maji yake. Sijui angesema nini. Kabla hajafungua mdomo, mkoba wa Apiyo ulianza kuimba.

Ilikuwa simu ya Caren. Apiyo aliichomoa ili aizime, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na uso wa mama wa kizungu mwenye mvi ukajaa kwenye kioo, akitabasamu na kusema neno ambalo hakuna aliyelielewa. Nyuma yake lilikuwapo tangi.

Ajwang alipiga ukelele. Daktari Masinde aliingia mbio kutoka nyuma, suruali imekunjwa mpaka magotini, matope miguuni.

"Kuna nini? Nani ameumia?"

"Wewe kaa hapo," Milka alimwambia. "Zamu yako inakuja."

Masinde aliwatazama wageni, akatazama simu. "Lakini huyo ni Profesa Annelies! Na wewe si Mama Caren? Caren yuko wapi, mbona simu yake iko kwako?"

Apiyo alisimama. "Nitajibu, Daktari. Kwanza muulize huyo mama swali langu moja. Yule mtu aliyekuwa ndani ya tangi, mwenye koti la rangi ya chungwa. Walimzika wapi?"

Masinde alilitafsiri swali kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Profesa hakucheka. Aliutazama uso wa Apiyo, halafu akainuka na simu yake, akatembea kando ya tangi mpaka kona moja. Pale kwenye kiti alikuwa ameketi mtu mwenye koti la rangi ya chungwa, miguu ameinyoosha kama mlinzi aliyechoka. Profesa alimshika mkono, akauzungusha, akaung'oa begani na kumwaga maji yaliyokuwa ndani.

"Yesu!" Ajwang alilia, akamkumbatia Cliff bila kuuliza.

"Ni mwanasesere," Masinde alisema. Machozi ya kicheko yalikuwa yameanza kumtoka. "Ni mtu wa mpira, Mama Caren, amejazwa mchanga kiwiliwilini afike uzito wa mtu. Kama ni ile video yao inayozunguka, hukuitazama mpaka mwisho? Mwishoni wanamtoa na kumwanika kama shuka."

"Bando iliisha," Apiyo alisema kwa sauti ndogo.

Kijana mmoja mweusi, mrefu, alitokea kwenye kioo akifuta mikono. "Shikamoo, Mama! Mimi naitwa Nasir, natoka Mwanza. Ziwa letu ni moja."

"Marahaba, mwanangu." Kusikia Kiswahili kikitoka huko kulimlegeza Apiyo mabega. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuachia mara moja. "Wewe wamekutia humo?"

"Mimi hata nikiomba, Mama, wananikatalia. Huyu wa mpira ndiye mwenye kazi. Sisi kazi yetu kumvalisha. Nikiingia kurekebisha vipimo, maji yamefungwa na nimevaa mabuti."

"Unakula?"

"Ugali napika mwenyewe. Shida ni unga tu."

"Umekonda."

"Nilikuwa hivi hivi tangu Mwanza, Mama."

Ooko alikohoa. Koti lake lilikuwa limekuja kwa majadiliano, na majadiliano lazima yafanyike. "Mambo ya mwanasesere yamekwisha. Sasa tuulize nyumba. Msichana haendi mahali ambapo hapajaulizwa."

Basi nyumba ikaulizwa, vile hasa watu huuliza kabla ya kutoa binti, Masinde akitafsiri. Atalala wapi, na mlango una ufunguo? Atalala kwenye hosteli ya chuo na ufunguo ni wake. Pasipoti yake atashika nani? Atashika mwenyewe, mtu akiiomba amwekee akatae. Akiugua? Ana bima, na profesa alionyesha kadi yake mwenyewe ili waone inavyofanana. Akishindwa kuvumilia baridi na kutaka kurudi? Atarudi, tikiti ya kurudi inatolewa pamoja na ya kwenda.

"Na huyu mama ana watoto?" Ajwang aliuliza.

"Hilo haliulizwi, Ajwang."

"Linaulizwa! Mtu anachukua mtoto wa mtu, tusijue kama anajua mtoto ni nini?"

Profesa alikuwa na wawili. Mmoja hampigii simu. Ajwang akapiga ulimi kwa huruma na kuanzia hapo akawa upande wa profesa.

Katikati ya hayo mlango ulifunguliwa na Caren akaingia, jasho usoni. Alikuwa ametafuta simu asubuhi nzima, akapindua hata magunia ya mchele, mwishowe akakimbilia Maseno aombe kutumia kompyuta ya mwalimu wake. Alimkuta mamake ameshika simu hiyo mbele ya uso kama kioo cha kujitazama.

"Mama!"

"Keti," Apiyo alisema. "Naongea na watu wako."

Caren hakuketi. Alielewa kila kitu kwa kuliona koti la Ooko tu. Haikujulikana kama angelia au angecheka. Profesa alimsalimia, akasema maneno machache, na Masinde akayaeleza: wanahitaji jibu lake sasa, kwa sababu mtu wa pili anasubiri.

Caren alimgeukia mamake. "Sitakwenda ukiwa unalia. Niambie tu kama ni hapana, niwaambie."

Apiyo aliutazama uso huo, uso wa marehemu mumewe kabisa. "Kitu kimoja sijaelewa. Mtu mzima na masomo yote haya, unakwenda mbali hivyo kumwangusha mtu wa mpira ndani ya maji. Faida yake ni nini?"

"Mama, unakumbuka mafuriko yalipofunika barabara pale Ahero? Ulikwenda kuchukua mchele, gari likakataa kupita, ukavuka kwa miguu."

"Nilishikilia kamba."

"Ulishikilia kamba. Mimi nilikuwa upande wa pili nakungoja, na maji yalikuwa hapa." Caren aligusa paja lake. "Watu walibishana. Mmoja anasema ya magoti hayana neno, mwingine anasema ya kiuno unaweza. Hakuna aliyejua. Ulipoteleza katikati, nilisimama pale sina hata sauti. Nataka kujua, Mama. Maji ya kimo gani, yakienda kasi gani, mtu anavuka, na ni yapi asiyaguse. Nikishajua, tutaweka nguzo za rangi pale barabarani, hata mtoto wa darasa la kwanza aone na arudi nyuma. Huwezi kulijaribu kwa mtu. Ndiyo sababu ya mtu wa mpira."

Masinde alisema polepole, "Nafasi hizi ziko, Mama Caren. Kuna za mafunzo ya wiki chache, kuna za mwaka kama hii, nyingine ni za kupima mawimbi hapa hapa ziwani. Zinatolewa kwa hawa wanaoanza. Ukishakuwa mzee kama mimi hakuna anayekupigia."

"Na wewe tutaongea," Milka alimwambia, lakini sasa alikuwa anacheka.

Apiyo alifuta macho kwa upindo wa leso. Alikuwa amedhani Caren ameshaisahau siku ile. Hakuwahi kumwambia mtu jinsi kamba ilivyomchuna viganja.

"Basi nenda," alisema. "Nenda umwangushe huyo mtu wa mpira mpaka achoke yeye."

Caren alisema ndiyo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, na huko Uholanzi Nasir akapiga makofi. Apiyo alipiga vigelegele ndani ya nyumba ya watu, Milka akavipokea, na Ooko akavua koti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na kuuliza kama chai bado ni moto. Ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyo hivyo, na mkate ukaisha, huku Ajwang akimrudisha Cliff kwenye habari ya Ikhlas tangu mwanzo.

Caren aliondoka kabla ya mvua za vuli. Sasa akina mama huja kwenye meza ya mchele pale Kibuye, mmoja mmoja, wakijifanya wanauliza bei. Mwishowe wanasema kile hasa kilichowaleta: mtoto wangu ameitwa mahali, nimesikia maneno, sijui nifanye nini. Apiyo huwaambia hofu si dhambi, na kuna wanaowadanganya watoto wa watu kweli. Halafu huwahesabia kwa vidole, maneno yale yale kila mara:

Usiamini video ambayo hujaitazama mpaka mwisho.

Usifiche simu ya mtoto siku ambayo anangoja kuitwa.

Usimuulize mtoto pembeni pembeni. Muulize jambo lenyewe.

Usikubali safari kama mwalimu wake hapa nyumbani haijui na hamjui anayemwita.

Usikubali kama yule anayemwita hataki kuonyesha uso wake na mahali pa kazi.

Usilipe mtu ili mtoto apewe nafasi ya utafiti. Ya kweli huombwa, haiuzwi.

Usiache pasipoti yake ishikwe na mtu mwingine, hata kwa siku moja.

Usimruhusu aende bila tikiti ya kurudi.

Usipeleke wazee kwenye nyumba ya watu kabla ya kusema mnatafuta nini.

Usiseme hapana kabla hujajua mtoto anakwenda kutafuta nini.